Kutoka Kooni Hadi Sakafuni

Gauni la kukodi lina sheria zake. Unalichukua Ijumaa jioni, unaacha kitambulisho na dipoziti, na Jumatatu kabla ya saa nne asubuhi liwe limerudi dukani. Likiwa chafu, dipoziti inakatwa. Likichanika, sahau dipoziti. Na sisi tunaishi Longonot, chini ya mlima wa volkano, ambako vumbi ni laini kama unga wa ngano na linapanda kwa kila kitu. Bibi harusi wa huku hatembei kutoka gari hadi mlango wa kanisa bila pindo kugeuka rangi.

Agosti 2023 Mama alizunguka maduka matatu Naivasha na mawili Nakuru. Kila mahali aliambiwa mambo mawili: kwamba saizi yake haipo, na kwamba Jumatatu ni Jumatatu. La kwanza alilicheka. La pili lilimkera hadi akakataa kulizungumzia kwa siku mbili. Siku ya tatu, tukiosha vyombo, akasema, "Ovaroli ni ya kampuni. Buti ni za kampuni. Hata mkasi wa kukatia maua naweka sahihi asubuhi na kuurudisha jioni. Hiyo nguo moja, mami, sirudishi."

Bibi harusi alikuwa yeye. Nasema mapema kwa sababu kila nikisimulia, watu hudhani ni dada yangu, au ni mimi. Mama alikuwa na miaka 49 na watoto watatu, na ameishi na mzee wetu tangu 1998 katika ile ndoa ambayo Wakenya wote wanaijua na wachache wanaitaja kanisani: njoo-tukae. Mbuzi wa ruracio walipelekwa kidogo kidogo, kwa miaka, kama mtu anayelipa deni la duka. Kwa majirani alikuwa mke wa mtu, kwa chama alikuwa mke wa mtu, hata kwa daktari. Karatasi tu ndiyo haikuwepo.

Halafu Januari ya mwaka huo Mahakama ya Juu ilitoa uamuzi katika kesi ya watu wawili waliokuwa wameishi pamoja tangu miaka ya 1980. Majaji walisema kuishi pamoja kwa muda mrefu hakutoshi peke yake kuwafanya watu kuwa mume na mke, na kwamba ile desturi ya korti kuchukulia kwamba ndoa ipo itumike kwa nadra sana, tena kwa ushahidi mzito. Uamuzi ulisomwa tarehe 27. Kufikia Jumatatu, wanawake wa pakihausi anakofanya kazi Mama walikuwa wanaujadili huku wakipanga waridi. Wengi wao ni njoo-tukae. Wengi wamechangia kununua ploti ambazo jina lililo kwenye hati si lao.

Sheria ya Ndoa ya 2014 inataka kila ndoa isajiliwe, hata ya kimila, kwa hivyo Mama angeweza kwenda kwa msajili na mzee wakamaliza mambo kwa asubuhi moja, na nguo zao za kawaida. Nilimwambia hivyo. Aliniangalia kama mtu ambaye hajaelewa swali. Alitaka karatasi, ndiyo. Lakini pia alitaka mahali pale anaposhiriki kila Jumapili wamwone akiingia na mlango mkuu.

Mimi nina marafiki Nairobi ambao wakisikia gauni jeupe wanaanza somo. Kwamba nyeupe ni ya Waingereza, kwamba ni Malkia Victoria aliyeivaa Februari 1840 akiolewa na Albert, na kabla ya hapo bibi harusi wa Ulaya alivaa tu nguo yake nzuri, hata kama ni ya bluu au nyekundu. Ni kweli. Baadaye wamishonari wakatuletea mtindo pamoja na matangazo ya ndoa na keki. Nilimsomea Mama hayo yote. Akauliza, "Huyo Victoria alirudisha yake Jumatatu?" Somo likaishia hapo.

Basi kazi ya kununua ikaniangukia mimi, kwa sababu mimi ndiye ninayeshinda nyumbani na laptopu. Na pia kwa sababu ninayoifanya kwa hiyo laptopu ni karibu na jambo lenyewe. Tangu nitoke chuo mwaka wa tatu, nimekula kwa kuandika. Kuna hizi insha, ambazo hulipa pole pole, na kuna maelezo ya bidhaa kwa maduka ya mtandaoni, ambayo hulipa kwa neno. Mteja hunitumia picha na orodha ya maneno ambayo lazima yatokee. Naandika kwamba kitambaa ni laini na kinaanguka vizuri mwilini. Sijawahi kukigusa. Nimesifu viatu, mapazia, hema za kambi, na ndiyo, magauni ya harusi, nikiwa nimekaa kwenye stuli jikoni kwetu, na nguruwe wa jirani wakipiga kelele.

Kwa hivyo sikuwa na imani na neno hata moja nililosoma. Nilijua maneno hayo yanatoka kwa nani: mtu kama mimi, anayelipwa senti, anayetaka kumaliza akalale. Nilipitia kurasa nikiruka maelezo yote na kuangalia picha za wateja tu, zile zenye mwanga mbaya, kitanda hakijatandikwa, na bibi harusi ana slipa miguuni. Hizo ndizo zinazosema kweli. Duka likiwa na picha za mwanamitindo pekee, niliondoka.

Tulichagua la Suzhou. Huo ni mji wa China, mkoa wa Jiangsu, na eneo lake la Huqiu linajulikana kwa maduka na viwanda vya magauni ya harusi. Wanashona kwa vipimo unavyotuma. Bei ilikuwa dola 130, kama shilingi 19,000 kwa dola ya Septemba 2023. Pesa zilikuwa zamu ya Mama ya chama. Zililipwa kwa ile kadi ya Visa ya M-Pesa isiyoshikika kwa mkono, iliyoanza 2022, ambayo namba zake Mama alizikagua mara tatu kwenye simu akiuliza kadi yenyewe iko wapi.

Kuna kitu cha kuchekesha kuhusu kufanya haya Longonot. Ukiwa barabarani unaona masahani makubwa ya setilaiti yakiangalia juu. Kituo hicho kilijengwa wakati wa kina guka, kikafunguliwa 1970, na kwa miaka mingi simu ya Mkenya kwenda ng'ambo ilipitia hapa kwetu kabla ya kupanda angani. Watu wa kijiji waliokuwa wakiyalinda masahani hayo wenyewe hawakuwa na simu. Siku hizi mawasiliano yanapitia nyaya zilizolazwa chini ya bahari, zile zilizofika Mombasa 2009, na masahani yamebaki kama sufuria za jitu aliyehama. Sisi tukaongea na Suzhou kwa bando la shilingi hamsini.

Muuzaji alitaka vipimo vinane. Kifua, kiuno, nyonga, bega hadi bega, mkono, mzingo wa mkono, urefu wa mtu mzima, na kimoja ambacho sikuwa nimekisikia: kutoka kishimo cha koo hadi sakafuni, ukiwa umevaa viatu vya siku hiyo. Hicho ndicho huamua kama pindo litagusa ardhi au litaning'inia. Nilikuwa nimejiandaa kumfundisha Mama. Kumbe mimi ndiye niliyefundishwa.

Mama amepima mashina ya waridi kwa miaka kumi na saba. Arobaini, hamsini, sitini, sabini. Shina lililopungua sentimita mbili haliingii kwenye kundi la sitini, linashuka bei. Akiangalia kitu mezani anakuambia urefu wake kabla hujatafuta rula. Alisimama ukutani na viatu vyake, mgongo umenyooka, akaniambia, "Usishike tepu kwa juu juu. Ivute, lakini isininyonge." Nikapima. Sentimita 136. Akaniambia nirudie. 136. Akasema nirudie mara ya tatu, na nipige picha tepu ikiwa mwilini, kila kipimo na picha yake. Nikamuuliza ya nini. "Ya siku watakaposema hatukuwaambia."

Saa ya China iko mbele yetu kwa saa tano. Mama akitoka kazini jioni, Suzhou wanalala. Kwa hivyo tulikuwa tunaandikiana nao alfajiri, saa kumi na moja, kabla basi la kampuni halijamchukua, wakati kule ni saa nne asubuhi na kiwanda kimechangamka. Mama akiwa na kikombe cha chai na kofia ya sufi, anasema kwa Kikuyu, mimi naandika kwa Kiingereza, programu ya kule inageuza kwa Kichina. Majibu yalirudi yakiwa yameanza na "mpenzi". Mama hakupenda. "Mwambie hatujafika hapo."

Alitaka mikono mirefu hadi kwenye kifundo, ya lesi, yenye bitana ndani. Aliwaambia mara mbili. Wakasema sawa, mpenzi.

Kifurushi kilifika Naivasha katikati ya Novemba, na kabla hatujakiona tulioneshwa bili. Ushuru wa forodha, VAT asilimia 16, ada ya tamko la kuingiza bidhaa, tozo ya maendeleo ya reli, halafu ada ya kampuni ya kusafirisha kwa huduma ya kutulipia hizo zingine. Jumla ikapita nusu ya bei ya gauni. Hili jambo wauzaji hawalitaji, kwa sababu bei ya kule inaishia kule, na ukinunua mtandaoni kutoka nje lazima uweke hesabu mbili tangu mwanzo. Tulikuwa tumeziweka, lakini bado iliuma. Iliyonishangaza ni ile ya reli. Tozo hiyo ilianzishwa 2013 ili kusaidia kulipia reli mpya, ambayo Wachina waliijenga hadi hapa karibu, na tangu Oktoba 2019 treni ya abiria inakuja hadi Mai Mahiu na Suswa. Kwa hivyo gauni la kutoka China lilitoa mchango wake kwa reli iliyojengwa na China, inayopita ng'ambo ya mlima wetu, ndipo likaruhusiwa kupanda matatu ya Naivasha kuja nyumbani likiwa kwenye mapaja yangu.

Tulilifungua kitandani. Urefu ulikuwa 136, kamili. Nyonga sawa. Shanga za kifuani zilikuwa zimeshonwa kwa mkono, moja moja, na Mama alizipitisha kidole akisema kuna mtu ameumia macho hapa. Halafu akafika kwenye mikono. Ilikuwa wavu mtupu, bila bitana, na iliishia kwenye kiwiko. Na kiuno kilikuwa kimepungua sentimita tano. Alilijaribu. Zipu ilipanda hadi nusu, ikakataa.

Mimi nilianza kuandika pale pale. Niliandika aya tatu nzuri sana. Nilieleza miaka ishirini na mitano, mama aliyesubiri, kanisa, wiki nne zilizobaki. Kama ni maneno, mimi ninayo. Mama alivua gauni taratibu, akalitundika, akaniambia nimsomee. Nikasoma. Akasema, "Futa."

"Yote?"

"Yote. Klemu haina machozi."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba katika nyumba yetu mtu aliyejua biashara ya kimataifa si mimi. Waridi za huku huondoka usiku kwa malori yenye baridi hadi uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, na nyingi huishia Uholanzi, kwenye mnada wa Aalsmeer. Mnunuzi wa kule akipata sanduku lina ukungu, au mashina mafupi, hapigi simu kulia. Anapiga picha: ua lenyewe, rula kando yake, na lebo ya sanduku yenye namba ya aliyelipanga. Picha hiyo inasafiri hadi Naivasha, inabandikwa ukutani pakihausi, na mtu anaitwa ofisini. Mama ameitwa mara mbili kwa miaka yote hiyo. Mara ya kwanza alijaribu kueleza, akaambiwa eleza namba. Tangu hapo anazijua klemu kutoka upande wa anayeshtakiwa, na hakuna shule inayofundisha vizuri zaidi ya hiyo.

Akatandaza shuka nyeupe mezani karibu na dirisha. Akangoja saa nne, jua liwe limepanda lakini lisiingie moja kwa moja, kwa sababu jua kali hudanganya rangi. Akalaza gauni, akaweka tepu kiunoni, sifuri ikiwa kwenye mshono. Picha moja ya mbali, moja ya karibu, moja ya namba pekee. Mkono vilevile. Kisha tukachukua picha za vipimo vya mwilini tulizopiga Septemba, na picha ya ule ujumbe waliosema sawa, mpenzi. Akanipanga kama anavyopanga makundi: tulichoagiza, mlichokubali, kilichofika, tofauti ni sentimita ngapi. Ukurasa mmoja. Hakuna neno "masikitiko".

Muuzaji alitaka turudishe gauni, gharama juu yetu. Mama hakushangaa. "Sisi pia huwaambia hivyo, tukijua ua halirudi." Kurudisha kungekula pesa zote na harusi ingepita. Kisha wakatupa dola tano. Mama akaninyang'anya simu kwa mara ya kwanza, akaiangalia, akanirudishia. Jumamosi alienda kwa fundi wetu wa hapa senta, mzee mwenye cherehani ya kukanyaga ambaye hushona yunifomu za shule, akamwonesha gauni, akauliza bei ya kulipanua kiuno na kubadilisha mikono. Fundi alisema 3,500. Lesi na bitana kutoka Eastleigh, pamoja na kutumiwa, 1,700. Akaongeza nauli. Tukaandika hesabu hiyo, kitu kwa kitu, tukaigeuza kwa dola, ikawa 38. Hatukuomba huruma wala gauni la bure, tuliomba gharama ya kukifanya kitu kiwe kile tulicholipia.

Duka la mtandaoni lililokuwa katikati lilikuwa bado halijamwachilia muuzaji pesa zetu, kwa sababu hatukuwa tumebonyeza kwamba tumeridhika. Ukiwa unanunua, hicho kitufe ndicho nguvu yako yote. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya 2012, na inataja hata mikataba ya intaneti, lakini sijui ni askari gani angetumwa Suzhou kwa ajili ya mikono ya lesi. Kitufe kilitosha. Siku ya nne, alfajiri, ujumbe ukaja kwamba dola 38 zimerudi. Chini yake kulikuwa na swali, na safari hii halikuanza na "mpenzi".

"Bibi harusi anafanya kazi kiwandani?"

Nikamsomea Mama. Alikuwa anafunga kamba za viatu, basi likipiga honi barabarani. Akacheka kwa sauti hadi mzee akatoka chumbani kuuliza kuna nini. "Mwambie ndiyo," akasema. "Na umwambie aliyeshona shanga amefanya kazi safi. Hiyo pia iandike. Huku hakuna anayetuambia."

Nikaandika. Jibu lilikuja baadaye akiwa ameshaondoka, picha tu: meza ndefu chini ya taa nyeupe, wanawake wanne wameinama, kofia za kitambaa kichwani. Jioni nilipomwonesha, aliikuza kwa vidole viwili na kuiangalia kwa muda, mikono yao kwanza, kisha meza. Akasema meza yao iko chini sana, wataumwa mgongo.

Fundi alimaliza kazi kwa siku sita. Alifungua mishono ya pembeni na kukuta kitambaa kilichokunjwa ndani, sentimita tatu kila upande, akakitumia, na akaniita nione: waliokata walikuwa wameacha akiba, kama watu wanaojua kwamba vipimo hukosewa na kwamba kuna fundi mwingine mahali fulani atakayehitaji nafasi. Mikono mipya ilifika kwenye kifundo.

Walioana Jumamosi ya pili ya Desemba. Matangazo yalikuwa yamesomwa Jumapili tatu, na kila mara watu waligeuka kuangalia kiti chetu. Mzee alivaa suti ya kukodi, na hakuona tatizo lolote kuirudisha. Mama aliingia na mlango mkuu, pindo likigusa sakafu bila kuburuta. Wenzake wa pakihausi walikuwa wamejaa viti viwili vya nyuma, baadhi wakiwa wametoka shifti ya usiku moja kwa moja. Walipotia sahihi, Mama alisoma cheti chote kabla ya kuchukua kalamu, jina lake, jina la mzee, tarehe, namba. Mchungaji akangoja. Kwaya ikarudia ubeti.

Cheti sasa kiko kwenye bahasha ya nailoni pamoja na hati ya ploti. Gauni liliosha kwa mkono vumbi likatoka, isipokuwa pindoni, ambako limebaki na rangi ya chai hafifu. Februari iliyofuata, mwanamke mmoja wa kwenye gredi alikuja nyumbani jioni na mfuko mtupu, akakaa sana, akanywa chai vikombe viwili kabla ya kusema alichokuja kusema. Njoo-tukae yake ina miaka kumi na tisa. Mama alimpimia sebuleni, kutoka kooni hadi sakafuni, viatu miguuni. Ni mrefu kuliko Mama, kwa hivyo fundi aliteremsha pindo. Wa tatu alikuwa mwembamba, akalipunguza kwa uzi wa muda. Hakuna dipoziti wala siku ya kurudisha. Wa nne harusi yake ni Agosti, na fundi ameshatuambia kwamba ndani ya mishono imebaki sentimita moja tu.